Mstari wa Pili kwenye Barafu

Kila siku saa kumi na moja alfajiri niligonga ukuta wa chumba cha binti yangu mara mbili, naye akanijibu kwa kugonga mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tulikula uji mzito wa siagi tukiwa tumesimama, tukavaa makoti mawili mawili, tukashuka ngazi za ghorofa nne kwa sababu lifti ya jengo letu wakubwa wa mji wameahidi kuitengeneza miaka mitatu sasa. Halafu tukatembea kwenye theluji hadi uwanja wa barafu.

Binti yangu anaitwa Taisia, nasi tunamwita Taya. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi ni Gennadi, dereva wa mashine ya kulainisha barafu. Shule niliiacha mapema nikaingia kiwandani. Wenye kiwanda walipokifunga na kwenda zao Moscow, nikapata kazi hapa uwanjani. Mashine yangu ni kama trekta fupi. Mbele inakwangua barafu iliyochanwa na viatu vya kutelezea, vyenye makali ya chuma chini, nyuma inamwaga maji moto. Maji yakiganda, barafu inarudi kuwa kama kioo, kana kwamba hakuna mtu aliyepita.

Mke wangu Larisa alifariki Taya akiwa na miaka tisa. Larisa ndiye aliyempeleka mtoto kwenye mchezo wa kuteleza na kuruka kwenye barafu, ndiye aliyemshonea magauni, na ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Alipiga magoti sakafuni, akavuta kamba kwa ndoano ya chuma, huku akiuliza, "Panabana? Panauma?" Alipotutoka, Taya alijifunga mwenyewe, maana saa ile mimi nilikuwa juu ya mashine. Niliwahi kumwomba meneja wetu, Shestakov, anisogezee zamu kwa dakika kumi tu nimfunge mtoto kamba. Akasema barafu haiwangoji wagane.

Ukifanya kazi yangu muda mrefu, unajifunza kusoma barafu. Kabla sijaikwangua naona kila kitu kilichotendeka juu yake. Watoto wanaoteleza wana miandiko yao. Mtoto akiruka, ncha ya kiatu inaacha kishimo pale alipojirusha, na mbele kidogo, pale alipotua, unabaki mstari mmoja uliopinda kama mundu. Mmoja tu, kwa sababu mrukaji mzuri anatua kwa mguu mmoja. Mistari ya Taya niliijua kuliko mwandiko wake wa daftarini. Mirefu, safi, kwa mguu wa kulia.

Mwezi wa pili tulikuwa tunangojea mashindano ya mkoa, na safari hii yangefanyika kwenye uwanja wetu. Mshindi wa kundi la Taya angechukuliwa kwenye shule ya michezo ya mji wa Perm, yenye bweni, daktari wake na barafu ya siku nzima. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu wake, Rimma Arkadyevna, mama mkavu wa maneno ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue, alisema Taya anaweza. Nilirudi nyumbani siku ile nikaiambia picha ya Larisa.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, nikauona mstari wa pili.

Ulikuwa mfupi, kama mkwaruzo wa kucha, kando ya mstari wa kutua. Maana yake ni kwamba mguu wa kushoto uligusa chini kuusaidia wa kulia. Siku ya kwanza nilisema mtoto amechoka. Siku ya pili nikasema makali ya viatu yamekuwa butu. Siku ya tatu sikusema kitu. Mistari ilikuwa miwili miwili kila alipotua, nami nilipanda mashine nikapita juu yake. Maji moto yakamwagika, yakaganda, na barafu ikawa kioo.

Nilipomuuliza nyumbani, alinijibu kwamba hana shida yoyote, huku akiwa ameshavaa soksi nene mbili. Sikumwambia azivue. Tuliongea mambo ya shule, nikalala.

Kushiriki kulitaka cheti cha daktari. Mkoa wetu ulikuwa na daktari mmoja wa wanamichezo kwa wilaya tatu, na foleni yake ilikuwa ya siku nzima. Nikaomba ruhusa. Shestakov akasema hiyo ndiyo wiki ya mashindano, nikiondoka nisirudi. Basi nikafanya walivyofanya wazazi wote pale. Nilinunua boksi la chokoleti nikambishia hodi jirani yetu Zoya, nesi wa kliniki. Jioni yake cheti kilikuwa mezani, kina mhuri: Taisia amepimwa, ni mzima.

Taya alikisoma mara mbili. Akauliza, "Baba, nani amenipima?"

"Kwani wewe si mzima?" nikamjibu.

Akaupitishia mhuri kidole. Kisha akakikunja cheti vizuri, akakitia kwenye mkoba wake, akasema, "Mzima."

Nimesikia mengi ya kuumiza maishani, lakini neno hilo moja ndilo linaloniamsha usiku. Pale mezani nilimfundisha mwanangu kusema uongo, tena kwa sauti ya upole, na akafuzu papo hapo.

Asubuhi ya mashindano uwanja ulijaa. Wasichana wa kundi la Taya walipewa dakika ishirini za kujaribu barafu, kisha mimi nilainishe, kisha waitwe mmoja mmoja. Nilikuwa kando ya lango nikipasha mashine moto. Uliana, rafiki yake na mshindani wake, alipita karibu yangu akiwa anamtania. "Taya, leo unatua kama bata! Miguu yote miwili, pa, pa. Utaombwa mayai!" Wengine wakacheka. Taya naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ubao wa pembeni kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe. Rimma Arkadyevna alikuwa upande wa pili akibishana na waamuzi kuhusu muziki, hakuona.

King'ora kikalia, wasichana wakatoka, lango langu likafunguliwa.

Nikaingia. Nilianza pembeni kama kawaida, nikizunguka kuelekea katikati. Kwenye mzunguko wa tatu nikafika mahali Taya alipokuwa akijaribu. Vishimo vitatu vya kujirushia. Baada ya kishimo cha kwanza, mistari miwili. Cha pili, mistari miwili. Baada ya cha tatu hapakuwa na mstari, palikuwa na doa pana la mtu aliyeanguka. Na kutoka kwenye doa lile hadi langoni kulikuwa na mstari mmoja mrefu wa mguu wa kushoto. Wa kulia haukuwepo. Mtoto alikuwa ameondoka barafuni kwa mguu mmoja, mbele ya watu mia tatu, na hakuna aliyetambua.

Mguu wangu ulikuwa juu ya kikanyagio. Mita mbili zaidi na maji yangefunika. Siku kumi na nne nilikuwa nimeyafuta maumivu ya mwanangu hivyo hivyo, siku ya kumi na tano ingekuwa nini? Nikazima mashine.

Watu wakageuza vichwa kutazama. Shestakov akaegemea ubao, tai yake imekwenda upande, akaita, "We Gennadi, kilichoisha ni mafuta au akili?" Watu wakacheka. Nikashuka, nikatembea kwenye barafu na mabuti yangu ya kazi, jambo ambalo mwenyewe huwafokea watu wakilifanya, hadi kwa Rimma Arkadyevna.

Nilimwambia cheti cha Taya ni cha uongo. Nilimwambia hakupimwa, na kwamba wiki mbili nimekuwa nikiona barafuni kwamba mguu wake wa kulia unauma, na kwamba nimekuwa nikizifuta alama zake. Yote niliyasema mbele ya wazazi wenzangu, na wengi wao walitazama sakafu, kwa maana chokoleti tulinunua duka moja.

Taya alikuwa kwenye benchi akisikia. Uso ulimwiva. "Baba, usiseme," akanong'ona. "Karatasi si imeandika mimi mzima?"

Nikapiga magoti. Miaka mitatu sikuwa nimevigusa viatu vyake. Nilifungua kamba, nikavua soksi ya kwanza, na ya pili, na bendeji aliyokuwa amejifunga mwenyewe. Mguu ulikuwa umevimba juu ya kifundo, rangi yake kama zambarau. Rimma Arkadyevna aliugusa kwa kidole kimoja, Taya akauma mkono wa koti lake asilie.

"Tangu lini?" mwalimu akauliza.

"Tangu sikukuu ya mwaka mpya."

"Kwa nini hukusema, mtoto?"

Taya alinitazama mimi, si yeye. "Baba anaamka kungali giza kwa ajili yangu. Mama alishona magauni yote yale. Ningesemaje kwamba panauma?"

Nilishika kile kiatu tu.

Jina lake liliondolewa kwenye orodha. Uliana akashinda, akaenda Perm. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani na keki ya asali, akalia kwa sababu ya ule utani wa bata, na Taya ndiye aliyembembeleza. Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa. Daktari alisema angeruka mara chache zaidi mfupa ungekatika kabisa na mchezo ungekuwa umeisha, labda na kutembea vizuri pia. Akafungwa mguu kwa plasta ngumu wiki saba.

Zoya sikumtaja, ila alijitaja mwenyewe kwa mkuu wake, akahamishiwa dirisha la kupokea wagonjwa. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinifungulia mlango, akanisikiliza, akaufunga taratibu. Mimi nilipewa onyo la maandishi, Shestakov akalibandika kwenye ubao wa matangazo lisomwe na wote. Waliotuwekea daktari mmoja kwa wilaya tatu hawakubandikwa popote.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimwambia Rimma Arkadyevna siku alipokuja kumwona Taya. Alikuwa amekaa jikoni kwetu na kikombe cha chai, Taya kando yake, mguu wenye plasta juu ya kigoda. Nilimtaja Shestakov, nikawataja wa kliniki, wa mkoa na wa Moscow. Aliningoja nimalize.

"Baba Taya," akasema, "yote hayo ni kweli, na wakubwa wana dhambi zao. Lakini mashine ulikuwa unaiendesha wewe."

Kisha akamgeukia Taya. "Na wewe sikiliza. Uliogopa kumkosea mtu anayekupenda, ukamficha maumivu. Kumbe kwa kumficha ndiyo ukamkosea. Maumivu ni mwili unaomba msaada. Ukiyaziba mdomo, hayaondoki, yanahamia ndani zaidi. Barafu tunailainisha kila saa na kesho inachanika tena, si kitu. Mfupa haulainishwi kwa maji. Kwangu mtoto anayesema 'panauma' sitamfukuza. Nitamfukuza anayesema 'mzima' na si mzima. Mmesikia, nyote wawili?"

Tukasema tumesikia.

Rimma Arkadyevna hakuishia hapo. Alikwenda kwa Shestakov, na sijui alimwambia nini, ila tangu mwezi wa nne mashine yangu inaingia barafuni dakika kumi baadaye.

Siku Taya aliporudi uwanjani, nilipiga magoti sakafuni nikiwa na ile ndoano ya Larisa. Vidole vyangu vizito, nilivuta kamba vibaya, akaniambia nianze upya. Nikaanza upya.

"Panabana?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Panauma?"

Alifikiri. Zamani angejibu kabla sijamaliza kuuliza. "Kidogo," akasema. "Hapa, upande wa ndani."

"Basi leo huruki."

"Leo siruki," akakubali, akasimama, akaenda kuteleza taratibu kando ya ubao.

Walipotoka wote nikapanda mashine. Kwenye barafu kulikuwa na mzunguko wake mmoja, hauna kishimo wala mkwaruzo wa pembeni. Niliutazama wote kwanza, mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikawasha injini.