Kuku Mweusi Aliyesingiziwa

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Chiriku alikwenda kwanza nyuma ya nyumba kuwatazama kuku. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata kuku aliwasimulia mambo ya darasani, nao walimsikiliza ilimradi ameshika bakuli la pumba.

Siku hizo banda lilikuwa limegawanywa kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliishi kuku wakubwa. Upande wa pili, penye majani makavu na kisahani cha maji, alikaa mtetea mwekundu na vifaranga wake walioanguliwa juzijuzi. Wakubwa waliwaona vifaranga na kuwasikia, lakini hawakuweza kuwagusa. Katikati ya wavu palikuwa na kijilango chenye komeo la mti.

"Hilo komeo usiliguse mpaka niseme mimi," mama alikuwa amemwambia. Mama alikuwa fundi cherehani, na aliyasema hayo huku amebana pini midomoni. "Acha wazoeane kwa macho kwanza. Yule mweusi ndiye mkubwa wa banda. Akimwona mgeni hana salamu, ana mdomo tu."

Kuku mweusi alitaga kuliko wote, na alimfuata Chiriku uani popote alipokwenda.

Alasiri moja mama alitoka kumpelekea mteja gauni lake. Msichana wa nyumba ya jirani, aliyesoma darasa moja na Chiriku, akaja kuwaona vifaranga.

"Mbona mmewafungia kama wezi?" aliuliza.

"Wanazoeshwa kwanza."

"Wazoeshwe nini, na wote ni kuku? Kwetu tuliwaachia tu. Sema unamwogopa mama yako."

"Nani anaogopa?" Chiriku alisema, na mkono ukaenda kwenye komeo.

Kifaranga mmoja wa manjano alitangulia kutoka. Hakufika mbali. Kuku mweusi alimrukia, akamdonoa kichwani, akamdonoa tena, damu ikatoka. Kuku wengine walipoiona damu wakaja mbio. Mtetea mwekundu naye akatoka amefura, likazuka vumbi na manyoya. Jirani alishatoweka. Chiriku alijitosa katikati, akamnyakua kifaranga, akawarudisha wengine pamoja na mama yao, akafunga komeo. Mikono yake ilijaa michubuko.

Mama aliporudi alimkuta kifaranga amelazwa kwenye kikapu, ngozi ya kichwa imechanika.

"Nani kamfanya hivi?"

"Mweusi, mama. Ameruka juu ya wavu akaingia kwao."

Mama hakugomba. Aliosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeamua kitambaa kikatwe wapi, "Kuku anayeruka wavu kufuata vifaranga hafugiki. Kesho mchuuzi akipita, nitamtoa."

Chiriku alitaka kusema kweli, akaishia kupanga majani makavu kikapuni. Chakula cha jioni alikichezea tu. Mama alidhani anamhurumia kifaranga.

Kesho yake haikuwa siku ya shule. Mchuuzi wa kuku alipopita na baiskeli yake, tenga limefungwa nyuma, mama alimwita akamweleza habari za mweusi.

"Shikamoo," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, binti. Yuko wapi huyo mkorofi?"

Mweusi alikamatwa kirahisi, kwani alidhani analetewa pumba. Mchuuzi alimfunga miguu kwa kamba, akamning'iniza kichwa chini kupima uzito wake. "Ameshiba huyu," alisema. "Leo hii hii anaingia jikoni kwa mwenye hoteli."

"Mwache!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, hakuruka wavu. Ni mimi niliyefungua komeo."

Mchuuzi alimtazama mama. Mama alimtazama binti yake.

"Rudia."

"Nilifungua mimi. Halafu nikamsingizia yeye."

Mama alimgeukia mchuuzi. "Mfungue, kaka," alisema. "Samahani kwa kukusumbua."

"Hakuna neno, dada." Mchuuzi alifungua kamba taratibu. "Lakini wewe binti, umengoja mpaka nimeshaanza kusikia harufu ya mchuzi!"

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo, kusafisha banda kulikuwa kazi ya Chiriku peke yake, na ni yeye aliyemtunza kifaranga mgonjwa: maji, chakula na dawa ya kidonda.

Kidonda kilipokauka, na vifaranga walipoanza kuota manyoya ya mbawa, mama alisema wakati umefika. Hawakuwakutanisha bandani bali uani, penye nafasi ya kukimbia. Chakula kilimwagwa huku na huku ili pasiwe na cha kugombea. Chiriku aliegesha ubao ukutani, ukaacha upenyo ambao kifaranga angepita lakini kuku mkubwa asingeweza.

Mweusi alisogea, akamdonoa kifaranga mmoja mgongoni. Mtetea mwekundu akatutumua manyoya na kumtimua hadi kwenye pipa la maji. Chiriku aliinuka.

"Kaa," mama alisema. "Hakuna damu hapo. Waache waelewane wenyewe."

Mweusi alirudi, akafukuzwa tena. Mwishowe aligeuza shingo, akaenda kuchakura kwingine kama mtu aliyekumbuka kazi zake. Vifaranga wakatawanyika uani. Yule mwenye kovu alikunywa maji karibu kabisa na mweusi, asiguswe.

"Unaona, mwanangu?" mama alisema. "Kuku kumdonoa mgeni ndiyo tabia yake, hajui jingine. Wewe ulijua. Haraka yako ilimtoa kifaranga damu, na kidonda tumekitibu. Lakini uongo wako nusura umpeleke asiye na hatia kwenye sufuria, na hiyo isingekuwa na dawa. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba adhabu yako."

"Nimesikia, mama."

Walikaa kizingitini mpaka jua lilipopungua. Kuku wakaanza kurudi bandani wenyewe, wakubwa kwa wadogo, wakipita mlango mmoja.