Teke la Makarius

Siku ya soko Kasulu, mtu mmoja aliungua mguu na hakuwa na habari. Harufu ya nyama ilipita katikati ya harufu ya mahindi ya kuchoma, na watu wakadhani kuna mbuzi jikoni mahali fulani.

Mwenye mguu alikuwa Makarius wa Titye, kijana mrefu aliyerudi mwaka huo kutoka jeshi la kujenga taifa, Dar es Salaam. Huko kambini Mkorea mmoja alimfundisha taekwondo, na tangu arudi nyumbani hakuna aliyepumzika. Alivaa nguo zake nyeupe za amerikani, suruali pana na koti lisilo na vifungo, na kiunoni mkanda wa buluu. Miguuni hakuvaa kitu. Alikuwa ameshavunja matofali kwa kisigino, na sasa alibishana na Koplo Khatibu wa polisi, mtu wa Tanga, mfupi na mpana, aliyejifunza judo chuoni.

"Afande, judo yako inamfaa mlevi," alisema Makarius. "Mlevi anakusubiri umshike kola. Mwenye panga atakusubiri? Mguu ni mrefu kuliko mkono. Mimi namaliza kazi kabla yeye hajafika."

"Na ukikosa?" Khatibu alitabasamu. "Umesimama kwa mguu mmoja, bwana. Nakuvuta huo huo, unalala. Hata wazee wenu wa mieleka wanalijua hilo. Mtu akishalala chini, teke lake la nini?"

"Karate! Karate!" watoto walipiga kelele.

"Si karate! Ni taekwondo! Nimesema mara ngapi?"

Nyuma ya watu, juu ya sanduku la dawa, alikaa msichana akisubiri lori la Kibondo. Aliitwa Kezia. Kitenge chake cha njano kilikuwa kimepauka, kilemba amekifunga vizuri, viatu vya wazi vimejaa vumbi jekundu. Alikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili pamoja na shangazi yake, na wengine wa nyumba yao hawakutoka. Tangu hapo alifanya kila jambo lililotakiwa kufanywa, kwa adabu, bila kulia na bila kucheka sana. Alikuwa mhudumu katika hospitali ya misheni huko Kibondo, wodi ya wakoma. Kazi hiyo wengi waliikimbia. Yeye aliiona ni kazi tu.

Aliinuka, akapenya mpaka mbele.

"Kaka, unaungua."

Makarius aligeuka, akamwona, meno yote nje. "Kwa ajili yako, dada? Mapema hivi?"

"Unaungua mguu. Umekanyaga kaa la moto."

Aliinua unyayo. Kaa lililoanguka kutoka jiko la mama wa mahindi lilikuwa limeganda karibu na kidole kidogo. Alilibandua kwa vidole, akalitupa, na soko zima likapiga makofi.

"Mmeona? Mkorea alitufundisha, maumivu yanakaa kichwani. Ukiyafukuza kichwani, mguuni hayapo! Judo yenu ina hilo, afande?"

Watu waliamini. Makarius mwenyewe aliamini kuliko wote, na hapo ndipo penye balaa.

Kezia alimkalisha kando ya debe la maji, akamwosha. Kisha akaokota unyasi mmoja.

"Funga macho. Nikikugusa, sema."

"Unataka kuniibia mkanda?"

"Funga."

Alifunga, anatabasamu. Kezia alimgusa kidole kidogo, akagusa ukingo wa unyayo, akapanda kwenye kifundo, mpaka kwenye baka moja kwenye shavu la mguu, lililokuwa jeupe kidogo kuliko ngozi nyingine.

"Mbona hunigusi, dada? Unaogopa?"

Kezia aliudondosha unyasi. "Nimemaliza. Njoo Kibondo, daktari akuone."

"Mwambie daktari kwamba umenipenda tu, yatosha."

"Njoo," alisema Kezia.

Miguu ya namna hiyo aliiona kila asubuhi. Lakini daktari alikataza wahudumu kulitaja jina la ugonjwa kabla ya vipimo, na hata asingekataza, neno hilo likisemwa sokoni Kasulu mtu anapoteza kitanda, sahani na salamu za jirani kabla jua halijazama. Kezia alinyamaza. Alijua pia kwamba mguu usiosikia unaendelea kuharibika kimya kimya, na ukipigishwa matofali unaharibika upesi zaidi.

Makarius alikwenda. Akaenda tena, na tena, kila alipopata nafasi juu ya lori la tumbaku. Daktari alimkwangua ngozi kidogo kwenye sikio.

"Kidonda kiko mguuni. Sikioni anatafuta nini?" aliuliza Makarius.

"Ndivyo wanavyofanya. Majibu yatachukua muda. Wewe pumzisha mguu," alisema Kezia.

"Nitaupumzisha, mpenzi wangu," alisema, na aliporudi Kasulu aliendelea kupiga teke magunia ya mchanga.

Siku moja yeye na Kezia walikaa barazani pa hospitali, wanakunywa soda ya moto kwa jua. Makarius alivaa shati la mikono mifupi, kola imesimama kwa wanga. Alieleza mambo yake kwa mikono na miguu. Mieleka ni mizuri penye majani, alisema, lakini barabarani wote wawili mnachubuka. Judo lazima ushike kwanza. Ngumi zinavunja vidole vya mpigaji. Teke, teke peke yake, linamweka adui mbali.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

"Kule kwetu walipokuja," alisema Kezia, "kaka yangu alikuwa bingwa wa mieleka kilima kizima. Alisimama. Sisi tulikimbia. Anayekimbia ndiye aliyekaa hapa na soda."

Alilisema kama anavyosema kwamba bandeji zimekwisha. Makarius alitafuta uso wake, asione kitu cha kushika.

"Pole, mama."

"Ahsante."

"Sikiliza. Wilaya inatafuta mtu mmoja wa kufundisha mgambo. Siku ya Saba Saba tunapambana uwanjani, mimi na Koplo, mbele ya viongozi. Atakayeshinda kazi ni yake. Nikiipata nakuoa kabla ya mvua. Utakubali?"

"Nitakubali."

"Hivyo tu? Kezia, unanipenda au unanikubali tu?"

Kezia alifikiri kweli. "Ukichelewa lori naangalia barabara," alisema. "Sijui jina lake."

Makarius aliondoka na hilo, akalibeba hadi Kasulu, siku nyingine akiliona ni tamu, siku nyingine akiliona ni maji ya baridi.

Majibu yalirudi Saba Saba ikiwa imekaribia. Yalikuwa yale aliyoyajua Kezia. Daktari alisema kijana aanze vidonge mara moja na asiukanyagie mguu ule kwa nguvu, la sivyo utakatwa. Kezia alikwenda posta akaomba simu ya Kasulu.

Katika posta ya Kasulu alikuwepo opereta mmoja, Tamimu, mtu mwema, mwenye masikio. Aliagiza Makarius aitwe, akawaunganisha, na mkonga wake hakuuweka chini. Hakuwahi kuuweka. Lililopita kwenye waya zake mchana, jioni lilikuwa hotelini kwenye chai.

"Mpenzi!" Makarius alikuwa anahema. "Leo umenikumbuka! Sema unanipenda, Tamimu naye afurahi."

"Mimi naangalia laini tu," ilisema sauti ya tatu.

"Makarius, majibu yametoka. Ya sikio."

"Sikio halina neno, nakusikia vizuri kabisa."

"Njoo Kibondo kesho."

"Kesho? Na Saba Saba je?"

"Usicheze. Usirushe teke hata moja."

Waya ulikwaruza. "Kwa nini?"

Kezia alisikia pumzi mbili upande wa pili, ya Makarius na ya Tamimu. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. "Siwezi kusema kwenye simu."

"Kezia. Koplo Khatibu alileta mahabusu huko Kibondo juzi. Nimeambiwa mlikunywa chai."

"Aliomba chai, nikampa."

"Na hili pia aliomba?"

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Kezia alitafuta hasira ndani yake, asiione. "Ukirusha teke," alisema, "mimi siolewi."

"Basi usiolewe!"

Laini ilikatika. "Pole, kaka," alisema Tamimu kule Kasulu. "Mapenzi ya mbali ndivyo yalivyo."

Kezia alirudi wodini akakunja bandeji zote zilizokuwepo, hata zilizokwisha kukunjwa. Kisha akaomba ruhusa, akapanda lori.

Uwanja wa Kasulu ulijaa. Mashati ya kijani ya chama, vitenge vipya, ngoma, vumbi. Makarius aliingia nguo zimefuliwa nyeupe pepe, uso umekaza. Koplo aliingia na fulana na kaptula. Mwanzoni ilikuwa judo tupu. Khatibu alimshika mkono wa koti la amerikani, akageuza mgongo, na mwanafunzi wa Mkorea akapita hewani akatua kwa tumbo. Watu walicheka mpaka wakashikana. Akatupwa tena. Alipoinuka safari hiyo alirudi nyuma, akaweka nafasi kati yao, na mguu wa kulia ukatoka.

Teke la kwanza lilimkuta Khatibu kifuani. La pili alilikinga kwa kiwiko, na kukasikika mlio wa mfupa. La tatu lilimlaza chali. Uwanja ulilipuka. Makarius aliinama mara moja kwa viongozi, kama alivyofundishwa, akaanza kuzunguka akipunga mkono.

Waliokuwa karibu ndio walionyamaza kwanza. Suruali nyeupe ilikuwa nyekundu chini, kwenye pindo la mguu wa kulia. Kila alipokanyaga aliacha alama ya unyayo vumbini, na kidole kidogo kilikuwa kimegeukia nyuma, kinaburuzwa. Yeye alitembea sawasawa, anatabasamu.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Nimeshinda au sijashinda?"

Khatibu ndiye aliyeinuka. Alimwendea, akamkumbatia begani, akamkwatua nyuma ya goti na kumshusha chini polepole, kichwa amekikinga kwa mkono, hata vumbi halikuruka. Judo nzuri kuliko hiyo haijaonekana Kasulu, na hakuna aliyepiga makofi.

"Tulia, ndugu yangu," alisema Koplo. "Umeshinda. Lala tu."

Kezia alifika hapo akiwa mwekundu kwa vumbi la safari. Alikaa chini, miguuni pa Makarius. Khatibu alisogea pembeni na kuwasukuma watu nyuma.

"Umekuja," alisema Makarius akiangalia mawingu. "Nimemwangusha."

"Ego, ndiyo, nimeona."

"Mguu una nini?"

"Umevunjika. Kidole kimoja kitaondoka."

"Mbona hauumi?"

"Ndiyo sababu nilikupigia simu." Aliinama kidogo, akashusha sauti. "Ni ibibembe, Makarius. Mkorea wako hakufukuza maumivu, ni ugonjwa uliokula. Tamimu alikuwa kwenye laini, ningesemaje?"

Makarius alilielewa neno hilo la ukoma. Huko Titye baba yake mdogo alijengewa kibanda ng'ambo ya bonde, na Makarius alipokuwa mdogo alitumwa kumpelekea chakula, akiweke juu ya jiwe, arudi mbio. Hakuwahi kumsubiri atoke.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu lile kaa."

"Na ukanikubali."

"Nilikubali nikijua. Kuna vidonge, utavimeza miaka. Ukishaanza humwambukizi mtu. Mimi nawahudumia kila siku, na ngozi yangu ndiyo hii."

Alifumba macho. "Kazi imekwenda," alisema, na ni kweli, mgambo walikuja kufundishwa na Koplo Khatibu. "Sogea, Kezia. Watu wanaangalia. Mimi mwenyewe ningesogea. Hakuna atakayenigusa tena, wala wewe. Siwalaumu."

Hapo ndipo hasira ilipomjia Kezia. Ilikuwa ya kwanza tangu avuke mpaka, na machozi yakafuata nyuma yake. Aliifurahia.

"Mjinga wewe!" alisema kwa sauti iliyomfikia hata Tamimu, aliyekuwa mstari wa mbele. "Wanigombeza kwa kikombe cha chai, sasa wanifukuza! Nyanyua kichwa. Angalia huko chini."

Makarius aliinua kichwa. Mguu wake ulikuwa mapajani mwa Kezia, juu ya kitenge cha njano, na mikono yake yote miwili imeukaza pale damu ilipotoka, vidole vyake vimeingia kati ya vidole vya mguu.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Tangu nilipokaa."

Makarius hakusikia joto la mikono hiyo wala uzito wake. Aliangalia tu, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Usiache," alisema.

"Siachi. Na wewe usiache kuangalia."