Rundo la Chikichi Chini ya Dirisha

Kule Simbo, kijiji cha Waha upande wa Ziwa Tanganyika, mwanamume hasemi ana mji mpaka awe na michikichi. Adolf alikuwa na michikichi arobaini, na sauti ya mtu mwenye michikichi mia. Mkewe Yunisi alikuwa na kazi. Adolf alipanda na kukata mikungu. Yunisi aliibeba, akaisubiri siku kadhaa ilegee, akapukuchua chikichi, akazichemsha, akazitwanga, akazikamua mpaka mawese yakatoka mekundu. Kisha Adolf aliwaambia watu, "Mwaka huu nimekamua mawese mazuri."

Zamani mikungu ilingoja huko huko shambani. Mwaka ule wa 1994 mambo yalibadilika. Vita vya Burundi vilikuwa vimewavusha watu wengi mpaka. Wengine walipelekwa kambini. Wengine walipokewa vijijini, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Lakini mkungu mmoja ulipopotea kwenye shamba la mtu, maneno yakaanza. "Ni wakimbizi hao." Mkungu wa pili ulikutwa umetafunwa na nyani, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno hayarudi mdomoni. Basi kila mwenye michikichi akaleta mikungu yake nyumbani. Akairundika ukutani, chini ya dirisha la chumba cha kulala.

"Mwizi akigusa tu, namsikia," Adolf alisema.

Yunisi alijua mumewe akilala hasikii hata mvua ya mawe. Aliendelea kurundika. Ndoa nayo ina kanuni zake.

Jirani yao mpya aliitwa Verediana. Alikuwa mama wa makamo aliyetoka Rumonge, upande wa Burundi, kando ya ziwa lile lile la Tanganyika. Kwao alikuwa amefanya kazi katika zahanati miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na kibanda cha turubai na sufuria mbili. Kila asubuhi alikuja kumsaidia Yunisi kupukuchua chikichi, naye Yunisi alimpa mawese na mihogo.

Asubuhi moja Verediana alifika, akasimama mbali kidogo na rundo, akamsalimia Yunisi kwa jina la mwanawe.

"Mwakeye, Mama Skola."

"Mwakeye, dada. Mbona umesimama kama unadai? Njoo ukae."

"Naangalia hoteli yenu hii," Verediana alisema. "Panya wanakula chikichi bure, wanalala humo humo. Na nyoka anakula panya. Mkiweka chakula cha panya dirishani, mmemwalika nyoka chumbani."

Adolf alikuwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unataka chikichi zangu zikae wapi?"

"Mbali na nyumba, Baba Skola. Hatua ishirini au zaidi. Juu ya uchaga, zisiguse ardhi. Na hapo pafyekwe."

"Mbali na nyumba," Adolf alirudia, akatabasamu upande mmoja. "Mbali na macho yangu. Karibu na macho ya nani?"

Verediana alikaa, akavuta mkungu wake, akaanza kupukuchua. Yunisi aliona haya. Alimmiminia Verediana uji.

Jumapili iliyofuata, jua likiwa bado lipo juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Adolf alirudi kutoka kwenye mkutano wa kanisa. Alikuwa na suruali yake nzuri ya kitambaa kizito. Alivua viatu mlangoni ili visichafuke, akaenda kugeuza mikungu. Aliweka mguu mtupu pembeni ya rundo, akavuta mkungu wa chini.

Chini ya mkungu ule alilala kifutu. Kifutu ni nyoka mfupi, mnene kama mchi wa kinu, mwenye rangi ya majani makavu. Nyoka wengi wakisikia mtu huondoka. Kifutu hutulia tu, akitumaini hataonekana. Ukimkanyaga, hapo ndipo unajua alikuwepo.

Yunisi alisikia mlio kama wa tairi la baiskeli linalotoa upepo. Kisha akamsikia mumewe akisema kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia, "Mama Skola, nimeumwa."

Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na matundu mawili. Yunisi alipiga yowe. Adolf alishika jembe.

"Namuua kwanza."

"Liache jembe, Baba Skola." Verediana alikuwa ameshafika mbio. "Ukimfuata atakuuma mara ya pili, na hospitali haihitaji mzoga wake. Rudi nyuma. Kaa chini. Sasa lala."

Wakati huo huo akaingia Pastory, mdogo wake Adolf. Pastory alikuwa na kamba ya mkonge mkononi, wembe mfukoni, na jiwe jeusi la nyoka ndani ya kitambaa. Jiwe hilo alilirithi kwa baba yao. Kwa haraka alimfunga kaka yake kamba chini ya goti, akaikaza kwa meno.

"Shemeji, lete maji ya moto," alimwambia Yunisi. "Nachanja, naweka jiwe, linanyonya sumu. Marehemu baba aliponya watu kumi kwa jiwe hili."

"Kamba itoke," Verediana alisema. "Na wembe urudi mfukoni."

"Wewe nani kwenye ukoo huu?"

"Mimi si wa ukoo. Nimewaona walioumwa na nyoka, wengi kuliko vidole vyangu na vyako. Kamba hiyo inazuia damu. Sumu ya kifutu inaharibu nyama pale ilipo, na mguu uliokosa damu unaoza. Ukichanja, damu haitakoma, maana sumu hii huzuia damu kuganda. Na sumu imeshazama ndani, jiwe haliifikii."

"Basi hao kumi walipona na nini?"

"Wengine waliumwa na nyoka wasio na sumu. Wengine waliumwa na nyoka mwenye sumu, lakini siku ile hakuitoa. Wangepona hata ungewawekea kiazi. Jiwe limepata sifa za bure, shemeji. Halina ubaya likikaa kwenye kitambaa."

Watu walikuwa wameanza kujaa uani. Adolf alilala juu ya mkeka, anatoka jasho. Mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba.

"Weka jiwe, Pastory," alisema. "Baba alikuwa analiweka."

Wote wakamtazama Yunisi. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika mumewe kichwa. Alijua hesabu yake ilivyo. Jiwe likiwekwa na Adolf akafa, watasema ni siku yake ilifika. Jiwe likikataliwa na Adolf akafa, watasema mkewe alimwachia mkimbizi. Aliangalia wembe. Halafu aliangalia vidole vya mguu wa mumewe. Chini ya kamba vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau mbivu.

"Dada," alimwambia Verediana, "miaka kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

"Fungua kamba."

"Shemeji—" Pastory alianza.

"Pastory, akifa nitalia mimi, na nitalala peke yangu mimi. Mpishe dada afanye kazi."

Verediana aliilegeza kamba polepole, akaitoa. Kisha alishika ile suruali ya kanisani. Upindo wake ulikuwa unabana mguu uliovimba. Aliichana mpaka gotini.

"Suruali yangu," Adolf alisema. Mtu anakufa, analilia suruali.

"Mguu ukivimba, kila kinachobana kitoke," Verediana aliwaeleza waliokuwepo, mikono yake ikiendelea kufanya kazi. "Viatu, pete, bangili, nguo. Mgonjwa asitembee. Akitembea, sumu inasambaa upesi. Mguu usitikisike."

Aliweka fito mbili kandokando ya mguu, akazifunga kwa vipande vya kanga. Aliingiza kidole chini ya kila fundo kuhakikisha halibani. Alikataa pombe aliyoleta mtu mmoja, na majani aliyotafuna mtu mwingine.

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Yunisi alikumbuka kengele ndogo ya kanisa ilikuwa imelia muda ule ule. "Saa kumi na moja."

"Vizuri. Daktari atauliza. Sasa leteni ingobyi."

Ingobyi ni machela ya kufumwa ambayo Waha huwabebea wagonjwa mabegani. Adolf alisema yeye si mwali, atatembea. Wanaume wanne walimlaza humo bila kumjibu. Alikuwa mzito, na waligundua kwamba michikichi yake ilikuwa inamlisha vizuri. Pastory alishika mti wa nyuma amenuna, lakini alishika.

Barabarani lori la misaada lilikuwa linarudi mjini tupu, baada ya kushusha maturubai kambini. Dereva alisimama. Verediana alipanda pamoja na Yunisi. Njia nzima alizungumza na Adolf kwa sauti ya chini, akimwambia watu wengi wanaoumwa na nyoka hupona wakifika hospitali mapema, na kwamba woga unaupeleka moyo mbio bure.

Hospitalini walieleza saa aliyoumwa, wakaeleza nyoka alivyoonekana. Adolf aliwekewa dripu yenye dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Usiku ule mguu ulivimba ukawa kama mgomba. Siku ya tatu ulianza kupungua. Daktari aliukagua, akauliza ni nani aliyeufunga fito. Yunisi akamwonyesha.

"Mama," daktari alimwambia Verediana, "wangekaza kamba saa zote hizo na kuchanja, leo ningekuwa natafuta msumeno."

Adolf alisikia. Alijiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, "Dada Verediana, umekula?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada.

Wakati Adolf bado yupo hospitali, wanawake wale wawili walirudi Simbo kulihamisha rundo. Walifanya kazi hiyo mchana kweupe. Walivaa buti za kuazima. Waligonga debe tupu kwanza kumshtua aliyejificha, wakavuta mikungu mmoja mmoja kwa mti mrefu wenye ndoano, wakaacha upande wa vichakani wazi. Kifutu alikuwepo bado. Alitoka taratibu, kama mpangaji aliyepewa notisi, akaenda zake. Hawakumfuata.

Walijenga uchaga mbali na nyumba. Walifyeka majani kuzunguka ukuta. Waliziba matundu ya panya kwa udongo na mawe. Kuni nazo wakazipandisha juu ya uchaga mdogo. Verediana alimzoesha Yunisi mambo madogo: kutikisa viatu kabla ya kuvaa, kutembea na tochi gizani, kutoingiza mkono mahali ambapo macho hayajaingia, na kuchomeka chandarua chini ya godoro.

"Mimi nilidhani chandarua ni cha mbu," Yunisi alisema.

"Cha mbu. Na nyoka akija kutafuta panya chumbani, anakuta mlango umefungwa."

Adolf alirudi siku ya kumi na mbili, akichechemea kwa fimbo. Aliuona uchaga kule mbali, umejaa mikungu, karibu kabisa na kibanda cha Verediana.

"Nani analinda?" aliuliza.

"Verediana," Yunisi alijibu, akamtazama usoni, akangoja.

Adolf aliutazama uchaga. "Basi mpelekeeni bati mbili," alisema. "Mlinzi hawezi kulowa."

Baada ya hapo kazi ya Adolf ikawa kutembelea madirisha ya watu. Alivuta suruali, akaonyesha matundu mawili, akaonyesha rundo. Mtu akileta ubishi juu ya wezi, alimwuliza, "Wezi wamekuibia mikungu mingapi?" Mmoja. "Na nyoka ana meno mangapi?" Marundo yakaanza kuhama. Kila Jumatano wanawake walikaa kwa Verediana, wengine na watoto mgongoni, akawafundisha kufunga fito.

Masika ilipofika, nyumbani kwa Yunisi panya walikuwa wachache na nyoka hakuonekana kabisa. Lakini mashamba ni ya nyoka pia. Siku moja mama mmoja aliumwa mkononi akipalilia maharage. Verediana alisikia vishindo, akatoka kibandani. Ingobyi ilikuwa inashuka kilimani, na aliyebeba mti wa mbele alikuwa Pastory. Mkono wa mgonjwa ulikuwa umefungwa fito, pete imevuliwa.

Verediana alifungua kinywa aulize.

"Saa nne na nusu," Pastory alisema, bila kusimama. "Hajafungwa kamba, hajachanjwa, hajatembea. Tupishe njia, dada, tunawahi gari."