Mfuko wa Uranusi

Walikutana kwa kung'ang'aniana kitambaa. Soko lilikuwa limefurika, kila muuzaji akipaza sauti kumshinda mwenzake, na fundi cherehani alikuwa ameshika jora la mwisho la kitambaa cheusi alipohisi linavutwa upande wa pili. Kuinua macho, akakutana na binti mwenye gauni la manjano, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, mkono wake hauna nia yoyote ya kuachia.

"Dada, mimi nimelishika kwanza."

"Umelishika kwanza, lakini shida yangu ni kubwa zaidi."

"Mimi nina makoti sita ya kutia bitana kabla ya Ijumaa. Wewe unataka kushona nini?"

"Mbingu."

Fundi alicheka mpaka jora likamtoka mkononi.

Kumbe binti hakuwa na utani. Alikuwa mwelezaji katika ukumbi wa sayansi, na kazi yake ilikuwa kufuatilia roboti zote zinazofanya kazi angani: ipi iko wapi, ipi inaongea, ipi imenyamaza. Chati yake ya karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwafutwa. Sasa alitaka pazia jeusi lenye mfuko kwa kila sayari, na ndani ya mifuko awe na kadi, moja kwa kila chombo, ili kila asubuhi azihamishe kadiri vyombo vinavyohama.

"Mfuko wa Mirihi ufanye mkubwa," alimwagiza fundi. "Huko kuna msongamano. Na hawa watatu waliokwisha kuzipita sayari zote, nitawabana kwa pini kwenye pindo."

"Na Dunia? Mbona hukuiwekea mfuko?"

"Mimi nafuatilia walioondoka, Fundi. Wa nyumbani wananihusu nini?"

Kazi ya siku tatu ikamchukua fundi wiki tatu. Dada yake, ambaye walishirikiana duka, hakuweza kuvumilia. "Hilo pazia unalishona au unaliatamia?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Pazia lilipokwisha kutundikwa, zikabaki simu za kila jioni.

"Bi Sayari, wanao hawajambo?"

"Hawajambo, ila mmoja wa Mirihi kanyamaza tangu juzi."

"Masikini. Amekufa?"

"Kunyamaza si kufa, mpenzi. Mpaka wenyewe waliomtuma waseme basi, kadi yake haitoki mfukoni."

Ile "mpenzi" ilimkosesha fundi usingizi. Tatizo ni kwamba wiki hiyo hiyo aliletewa kandarasi ya kushona sare za hospitali katika mji wa mbali, miaka miwili mizima, safari ni Jumamosi. Neno moja tu la yule binti lingemfanya abaki. Lakini kila alipotaka kumweleza, ulimi ulimganda, mtu mzima na masharubu yake. Akapiga moyo konde, akaandika barua. Jumatatu alipokwenda ukumbini kukaza pindo lililolegea, aliichomeka kwenye pazia bila kuonekana. Mfuko wa Mirihi aliuruka, maana ulijaa kadi na barua ingepotea humo. Akachagua mfuko wa Uranusi, mtupu na msafi. Hapa ataiona mara moja, alijiambia, na njia nzima ya kurudi dukani akajisifu kwa akili zake.

Jumanne binti akapiga simu, akacheka, akasimulia habari za wageni. Ya barua hakuyagusa. Jumatano fundi akaenda mwenyewe. Alimkuta katika gauni la buluu akihamisha kadi mbele ya wageni. Binti akampungia mkono na kumuuliza kama amekula.

Anajitia hamnazo, fundi aliwaza. Ndivyo watu wastaarabu wanavyokataa. Roho ilimuuma vibaya. Alhamisi na Ijumaa simu iliita, naye akaitazama tu.

Jumamosi asubuhi cherehani ilikuwa imeshafungwa kwenye blanketi mlangoni pa duka, binti alipotokea anahema, kiatu kimoja kimekatika mkanda.

"Dada yako asingepokea simu leo, nisingejua! Unahama bila hata kuniaga?"

"Niliandika barua. Hukujibu."

"Barua gani?"

"Niliyoiweka kwenye pazia."

"Fundi, mifuko ile natia mkono kila asubuhi. Uliweka mfuko gani?"

"Wa Uranusi."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. "Uranusi! Baba wee, huko hakuna mtu! Chombo kimoja tu kiliwahi kupita, mimi na wewe hatujazaliwa, na wala hakikusimama. Nitie mkono nikatafute nini?"

"Niliuona mtupu, nikasema utaiona upesi."

"Ni mtupu, ndiyo maana siugusi!"

"Mnafaana kweli nyinyi," dada mtu alisema, akaanza kuifungua cherehani bila kuulizwa.

Ukumbi ulikuwa mitaa mitatu kutoka pale. Binti aliingia akichechemea, akatia mkono mfukoni mbele ya wageni waliokuwa kwenye foleni, akatoa barua na kuisoma kimyakimya. *Ukisema kaa, nakaa, na nitakuja kwenu kuposa. Nijibu kabla ya Jumamosi.* Miwani ikaingia ukungu.

"Nimechelewa," alisema. "Leo ndiyo Jumamosi."

"Na mimi siku mbili sikupokea simu zako. Ungenifuta, ningesema ni haki yangu."

"Nilikwambia nini? Kunyamaza si kufa." Akafuta miwani kwa ncha ya gauni. "Kaa, Fundi. Nakutaka. Kaa. Ila nina kazi nyingine nataka unifanyie. Nishonee mfuko wa Dunia."

"Si ulisema wa nyumbani hawakuhusu?"

"Wakati huo sikuwa na mtu nyumbani."

"Haya. Utakuwa wa kadi ngapi?"

Binti akainamisha uso, tabasamu limemponyoka.

"Kwa sasa, mbili."

Fundi akavuta futi iliyokuwa bado shingoni mwake, akapima mfuko mkubwa kuliko wa Mirihi.