Mchumba Wangu, Kiongozi wa Timu

"Vaa basi, Yanling! Si siku moja tu kwa mwaka?"

Bi Hao wa ofisi ya wafanyakazi alinirushia sketi fupi ya rangi ya waridi mbele ya timu nzima. Ilikuwa tarehe ishirini na nne Oktoba, sikukuu yetu sisi watengeneza programu. Kampuni yetu pale Hangzhou huisherehekea kwa upuuzi uleule kila mwaka: wanaume wanakaa vitini kama wafalme, wasichana wa mapokezi wanawapelekea chai ya maziwa na kuwakanda mabega.

"Bi Hao, mimi pia natengeneza programu. Mimi nakandwa na nani?"

Wakacheka. Mzee Peng, ambaye hata arobaini hajafika, akajinyoosha kitini.

"Mwanamke ni wewe peke yako kwenye timu, mdogo wangu. Anza na bega langu la kushoto!"

"Mkeo hana mikono?"

Nikamtazama Zhiheng. Kainamia kikombe chake cha chai. Huyo ndiye mchumba wangu. Kazini tuliuficha uchumba wetu, tukasubiri uteuzi wa kiongozi wa timu upite. Cheo kile nilikitaka mpaka nakiota, na Zhiheng alikuwa ananiambia kila siku, "Ni chako, Yan, nani mwingine?"

Bosi Geng akaingia anapiga makofi.

"Jamani, kiongozi wenu mpya ni Tao Zhiheng!"

Nikasimama.

"Bosi Geng, samahani. Mimi nimepungukiwa nini?"

"Hujapungukiwa, binti. Mfumo wa malipo umeujenga wewe, nani hajui? Lakini mwakani unajifungua. Ukienda likizo ya uzazi, timu namwachia nani?"

"Nani kakwambia najifungua?"

"Mchumba wako! Harusi baada ya mwaka mpya, kisha mtoto. Kanieleza vizuri kabisa. Hongereni!"

Mzee Peng akapiga mluzi. Simu yangu ikatetemeka. Meseji ya Zhiheng: *Usiseme kitu hapa. Tutaongea nyumbani.*

"Zhiheng, unaniandikia meseji na umekaa mbele yangu? Sema kwa mdomo!"

"Yan, punguza sauti. Nimefanya kwa ajili yetu. Kiwe kwako, kiwe kwangu, cheo si kinaingia nyumba moja?"

"Kama ni sawa tu, mwambie bosi anipe mimi. Yule pale, mwambie."

Akamtazama bosi. Akanitazama mimi. Akatazama chai yake.

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mwambie!"

"Nitaonekanaje, Yan? Mwanaume mzima, naagizwa kazi na mke wangu?"

Mtu huyu nimempikia uji akiumwa, nimemrekebishia makosa yake ya kazi asiaibike kwa bosi, kumbe muda wote alikuwa anaogopa kuwa chini yangu. Nilimpenda, na hata pale, mjinga mimi, nilisubiri abadilishe neno. Hakubadilisha.

"Bosi Geng, kiongozi wako huyo hapo. Mfumo ukikwama, mpigieni yeye."

"Binti, hasira za nini? Kaa unywe chai!"

Nikachukua begi langu. Zhiheng akanifuata mpaka kwenye lifti.

"Yan, picha za harusi ni Jumamosi! Mama ameshanunua nguo!"

"Kapige na mzee Peng."

Mlango wa lifti ukajifunga. Sijafika hata chini, simu ikaita. Mama yake Zhiheng.

"Yanling mwanangu, lile gauni jekundu ulilijaribu? Lisikubane, maana mwakani..."

"Mama, harusi hakuna."

"Unasema nini wewe?"

"Mwanao ameninyang'anya cheo changu. Kamwambia bosi kwamba mwakani nitakuwa na mtoto."

Aliponijibu, alikuwa amechanganyikiwa kweli, maskini.

"Lakini mwanangu, si mlikubaliana? Mimi aliniambia tangu kiangazi. Hata kitanda cha mtoto nimeshamwagiza fundi."

Lifti ilikuwa imeshafika chini; watu walikuwa wanapishana na mimi pale mlangoni, nami nimesimama tu, machozi yananitoka na sijali nani anaona.

"Kwa hiyo bosi alijua, mama. Na wewe ulijua. Mwenye tumbo ndiye hamkumwambia."