Taa ya Fundi Cherehani

Mtoto aliinua mkono mmoja, lakini kivuli chake ukutani kiliinua miwili. Mama yake, fundi cherehani, aliona, akajifanya hakuona, akaendelea kushona. Nguo nyeusi inataka uzi mweusi, na uzi mweusi unataka taa kali. Ndiyo maana alikuwa amefunga globu nyeupe juu ya mashine, katika chumba hichohicho walimolala wote wawili.

Binti alikuwa na miaka saba na hajawahi kutamka hata "mama". Usiku alikesha akijipiga makofi na kuuchekea ukuta. Daktari wa watoto alishamweleza fundi kwamba watoto wenye usonji kama wake usingizi wao ni mwepesi kuvurugwa, mwanga wa usiku unawachanganya zaidi, basi azime taa mapema. "Sawa, daktari," fundi aliitikia, akarudi nyumbani akaiwasha. Wateja walipouliza hizo kelele ni za nini, aliongeza sauti ya redio na kusema ni paka wa jirani. Paka! Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Aliona aibu hata kumtazama binti, na kesho yake akasema vilevile.

Harufu ya nywele zinazoungua ilipoanza kutanda chumbani, alimwita mganga. Bibi yule alisimama mlangoni, akagoma kuingia.

"Nani huyo chini ya taa?" alinong'ona.

"Mwanangu tu, bibi."

"Mwanao namwona. Nauliza huyo aliyempakata."

Fundi aligeuka, akamwona binti peke yake.

"Ni jini. Amefuata mwanga, ndio unaomlisha," bibi alisema. "Leo zima. Usiwashe usiku, hata akubembeleze vipi. Ukimwashia tena hatoki, na mwanao hatalala maisha yake yote."

Usiku ule fundi alizima taa, na papo hapo kitu kikaanza kujiburuza ukutani, kikashuka taratibu hadi kwenye cherehani, sindano ikachapa kwa kasi bila nguo na bila mguu wa mtu, ile harufu ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, kisha kila kitu kikanyamaza, na katika ukimya huo akasikia binti yake akikoroma. Kumbe mtoto alikuwa anataka giza tu. Fundi alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa kujionea haya.

"Mama."

Alipapasa midomo ya binti. Ilikuwa imefumba, mtoto amelala fofofo.

"Mama, washa taa nikuone."

Sauti ilitoka nyuma ya cherehani, nyembamba na tamu, kama alivyoiwazia miaka yote saba. Alijua si ya mwanawe. Alijua kabisa, na uso ulimwaka kwa aibu gizani, kwa sababu alitamani kuitwa tena, na tayari alikuwa amesimama, mkono uko kwenye swichi.

"Mama," iliita.

"Abee, mwanangu," alijibu, akawasha.