Galaksi Saba za Dokta

— Zitoe hizo tano, Dokta. Si galaksi. Ni mizimu.

Dokta aligeuza kiti taratibu. Mlangoni mwa ofisi yake alisimama mchumba wake, karatasi mkononi, jasho usoni. Alikuwa fundi wa kamera ya darubini, na kazini hakuna aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya Fundi.

— Rudia ulichosema.

— Mizimu. Mwanga wa nyota kali unapita kwenye kichujio, unagonga kioo cha kamera, unarudi nyuma, unaacha doa kwenye picha. Ukiliona utaapa ni galaksi. Katika galaksi zako kumi na mbili, tano ni madoa ya namna hiyo.

— Kesho saa nne asubuhi nasimama mbele ya jopo. Leo ndiyo unaniambia?

— Niliandika ripoti wiki tatu zilizopita. Nilimpa Tai, akasema atakufikishia. Leo nimeona orodha yako ya kesho, nikashtuka kukuta bado zimo.

Tai alikuwa mtafiti mwenzake, msimamizi wa hazina ya picha, mtu ambaye hata siku ya joto kali shingo yake haikosi tai. Ripoti zote za kamera zilipitia mezani kwake. Dokta akampigia hapohapo, simu ikiwa kwenye spika, akamuuliza kuhusu ripoti ya Fundi.

— Ripoti? Ripoti gani? Mimi sijaona kitu, — Tai alisema. — Dada yangu, samahani kwa nitakalolisema. Huyo mtu ana wivu. Wewe daktari, yeye anashika bisibisi. Anakuona unapaa, roho inamuuma.

Simu ikakatwa.

— Umesikia, — Dokta alisema.

— Nimesikia. Sasa unamwamini nani?

— Naamini picha zangu!

Akaivua pete, akaiweka juu ya meza. Fundi aliitazama, hakuigusa. Akaweka karatasi yake kando ya ile pete, akatoka bila kugeuka.

Miaka minne Dokta alikuwa amezikodolea macho picha hizo. Alichokitafuta ni habari ya zamani mno. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulijaa ukungu wa haidrojeni. Galaksi za kwanza zikawaka, mwanga wao mkali ukauvunjavunja ule ukungu, kila kundi likajitobolea uwazi wake, hadi uwazi ukakutana na uwazi na anga lote likawa jeupe. Darubini yao ilikuwa imepiga picha eneo pana la anga kwa kichujio chembamba, kinachopitisha rangi moja tu ya mwanga wa enzi hizo. Galaksi ikionekana hapo, maana yake ukungu ulio mbele yake umeshapisha. Dokta aliamini ameuona uwazi mmojawapo. Lakini ili kuthibitisha alihitaji darubini kubwa, ambayo muda wake ungegawiwa na jopo la kesho, na wanaoigombea walikuwa wengi. Tai naye alikuwa mmoja wao.

Simu ikaita. Mama.

— Mbona sauti imekauka, mwanangu?

Dokta akamweleza yote huku akilia. Mama yake alikuwa mshonaji wa miaka mingi. Alisikiliza mpaka mwisho, mashine yake ya cherehani ikiwa imezimwa.

— Mimi wateja nikiwaambia kola imepinda wananuna, — mama alisema. — Wengine wananitukana kabisa. Haya, wewe hiyo kola umeikagua?

— Bado.

— Sasa unalia nini? Kakague kwanza, ulie baadaye.

Dokta akacheka huku kamasi zikimtoka. Akavuta kiti.

Saa ilikuwa nane mchana. Alizitenganisha picha za awamu mbili. Katika awamu ya pili darubini ilielekezwa kando kidogo. Galaksi ya kweli ingebaki mahali pake angani. Doa la mwanga uliorudi nyuma lingehama pamoja na kamera. Akaangalia ya kwanza: ipo palepale. Ya pili, ipo. Ya tatu... imehama. Jua la alasiri lilipopenya dirishani, hesabu ilikuwa imekamilika. Tano zimehama. Tano zilezile alizoziandika Fundi.

Aliziba uso kwa viganja. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Kisha akazifuta zile tano kwenye ramani, akaitazama upya, na moyo ukaruka.

Saba zilizobaki zilikuwa zimejikusanya pamoja, upande mmoja wa anga! Zile tano za uongo zilitawanyika huku na huko na kulificha umbo la kundi. Sasa uwazi ulionekana wazi kama tundu kwenye pazia.

Akamwandikia Fundi: "Ulikuwa sahihi. Zote tano. Nisamehe."

Ujumbe haukufika. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Dokta alizungumza dakika ishirini bila kutetereka. Hakuwa bado ametaja idadi ya galaksi zake aliposikia kiti kikiburutwa. Tai alisimama, akaweka tai yake sawa.

— Mwenyekiti, kwa masikitiko makubwa nalazimika kusema. Ripoti ya kamera, ukurasa wa nane, inaonyesha kwamba tano kati ya galaksi za mwenzangu ni mizimu. Tumpe darubini mtu asiyekagua picha zake?

Watu wakaguna. Dokta hakupepesa macho. Akabonyeza picha iliyofuata: madoa matano, kila moja limepigwa mstari mwekundu.

— Nimeshayatoa. Ninaomba muda kwa ajili ya galaksi saba. Kosa aliliona fundi wetu wa kamera, na jina lake liko hapo chini. — Akamgeukia Tai. — Ila jana mchana nilikuuliza, ukasema ripoti hiyo hujaiona.

Tai akakishika kifundo cha tai yake.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani minene, aliinama mbele.

— Ulikuwa nayo tangu lini?

— Kama... wiki tatu hivi.

— Ukaikalia, ili umwaibishe hapa?

Tai akaketi. Kabla ya saa sita, jopo lilitoa uamuzi: darubini amepewa Dokta. Tai alivuliwa usimamizi wa hazina ya picha wiki hiyohiyo.

Dokta hakusubiri pongezi. Alikimbia, viatu mkononi, hadi karakana ya kamera. Fundi alikuwa ndani ya chumba kisichotakiwa vumbi, amevaa ovaroli jeupe na barakoa, kati yao kioo. Dokta akashika simu ya ukutani.

— Simu yako imezimwa!

— Humu hairuhusiwi. Nimekesha humu tangu jana.

— Nimepewa darubini. Saba zimebaki, tena ni kundi moja! Ulisema kweli na mimi nikakuvunjia heshima. Nisamehe, mpenzi. Niko chini ya miguu yako.

— Uliniumiza, Dokta. Si kuhusu picha. Ni jinsi ulivyonyamaza Tai alipoidharau kazi yangu.

— Najua. Sitanyamaza tena. Leo nimekutaja mbele ya ukumbi mzima.

Fundi akashusha kichwa. Mabega yakatikisika.

— Unalia?

— Usinilize humu! Unyevu utaharibu kioo cha watu!

Wote wakaangua kicheko. Akatoka mbio, barakoa ikining'inia sikio moja, akamkumbatia kwa nguvu hadi ovaroli likachanika begani.

— Nioe, — Dokta alisema. — Mwezi huu.

— Mpaka mama yako akubali.

— Mama yuko upande wako kuliko wangu!

Walioana baada ya wiki tatu. Mama mtu alishona gauni na suti, kola akiikagua mwenyewe mara nne.

Majibu ya darubini kubwa yalikuja mwezi wa pili wa ndoa yao. Ya saba ilikuwa hafifu mno kupimika, lakini sita zilithibitika bila shaka yoyote: mwanga uliosafiri takriban miaka bilioni kumi na tatu, ukitokea mahali ambapo ukungu ulikuwa umepisha. Dokta alisoma barua akiwa amesimama jikoni, akaisoma tena kwa sauti, kisha akapiga kelele hadi jirani akafungua dirisha.

— Kuna nini huko?

— Sita! — Fundi alijibu, mke wake akiwa juu juu mikononi mwake. — Sita, jirani! Mke wangu amezipata!